Kazi mpya mji mwingine, mshahara umepanda 40%: nihame au nibaki?

#1 Mguu Njiani
Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo, muda umenibana.

Nina miaka 38, ni mhasibu. Kampuni niliyopo hawanionei, ila sioni pa kupanda: aliye juu yangu ni rika langu na hana dalili ya kuondoka. Nimefanya usaili kwingine na barua imekuja. Cheo ni mkuu wa kitengo, mshahara unazidi wa sasa kwa 40%. Shida ni kwamba kazi iko mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Si mahali pa kutoka asubuhi ukarudi jioni.

Nina mke, naye ameajiriwa. Watoto wawili, mmoja ana miaka 12, mwingine 5. Tunaishi kwenye nyumba yetu wenyewe, tumehamia juzijuzi, hata rangi ya nje bado. Jibu wanalitaka Ijumaa ijayo.

Mke nimemwambia. Kasema "amua wewe", na wenye ndoa mnajua uzito wa maneno hayo.

#2 Kiti cha Mbele
Nimewahi siti. Waje wajuvi.

#3 Siafu Mwekundu
Sasa hapo unauliza nini mkuu? 40%! Wenzako tunaongezwa 3% pamoja na barua ya pongezi. Funga virago, nyumba haina miguu, utaikuta.

#4 Mama Wawili
Kaka, "amua wewe" maana yake yeye ameshaamua na anasubiri kuona kama mtakutana. Kabla hujatuuliza sisi tusiokujua, rudi ukamuulize tena, simu ukiwa umeiweka chini.

#5 Mzee wa Hesabu
Mtoa mada, kabla ya kukushauri nijibu mambo matatu. Mke anapata kama kiasi gani ukilinganisha na wewe? Nani analipia gharama za kuhama? Na muda wa majaribio ni miezi mingapi?

#6 Mguu Njiani
Mzee, mke anapata kama 60% ya mshahara wangu wa sasa. Majaribio miezi 6. Gharama za kuhama wanalipa wao, ila kuna kifungu kinasema nikiacha kazi kabla ya miaka 2 nazirudisha zote.

#7 Siafu Mwekundu
Hiki kifungu ulikificha kwenye #1 ili tukushangilie kwanza 😂

#8 Mzee wa Hesabu
Haya, tukae tupige hesabu. Hela halisi tuziache, tutumie mafungu.

Mshahara wako wa sasa uite 100. Wa mke ni 60. Mnaingiza 160 na pango hamlipi.

Ukihama na familia, wako unakuwa 140. Wa mke unakuwa sifuri mpaka apate kazi nyingine, na usijidanganye kwamba ni suala la mwezi. Pango la huko tuseme linakula robo ya mshahara mpya, yaani 35. Zinabaki 105. Nyumba yenu mkiipangisha iingize 20, na hapo nimekuwa mkarimu maana haijapakwa rangi. Jumla 125. Kutoka 160 mpaka 125, kaya imeshuka kwa zaidi ya 20% huku wewe ukipongezwa kwa kupandishwa 40%.

Ukienda peke yako: 140 na 60 ni 200. Toa chumba chako huko, toa nauli za kwenda na kurudi, toa jiko la pili. Weka 40 kwa yote hayo. Zinabaki 160. Mko palepale mlipokuwa, tofauti ni kwamba watoto wanamwona baba kwenye simu.

Halafu kumbuka 40% hiyo ni kabla ya kodi. Pale ambapo kodi ya mapato inapanda kwa ngazi, kipande cha juu ndicho kinachokatwa kwa kiwango kikubwa, kwa hiyo ongezeko litakalofika mkononi litakuwa chini ya 40%. Wewe mhasibu, haya unayajua kuliko mimi. Nashangaa hujayaandika.

#9 Kiti cha Mbele
Duh.

#10 Njiwa wa Kaskazi
Mzee #8 hesabu yako ni safi, lakini ni ya mwaka wa kwanza. Mtu hahami kwa ajili ya mwaka mmoja. Kuna mchumi anaitwa Larry Sjaastad, mwaka 1962 aliandika kwamba kuhama ni uwekezaji: gharama unazitoa leo, faida inakuja kidogokidogo kwa miaka yote ya kazi iliyobaki. Ndiyo maana vijana huhama zaidi ya wazee, wana miaka mingi ya kuvuna. Jamaa ana 38. Akistaafu na 60 ana miaka 22 mbele. Na mwajiri wa tatu hatamuuliza alikuwa analipwa 100, ataanzia kwenye 140 na cheo cha mkuu wa kitengo. Hicho cheo hakimo kwenye mafungu yako.

#11 Mzee wa Hesabu
Njiwa, hoja nimeipokea. Ila uwekezaji una kitu kinaitwa hasara, nacho kiandikwe. Miezi 6 ya majaribio, kibarua kikiota nyasi mwezi wa tano, pale alipotoka pameshajazwa na mke ameshaacha kazi. Miaka 22 yako inaanzia hapo.

#12 Bundi wa Zamu
Hakuna aliyeuliza swali la msingi: kwa nini wamemtafuta mtu wa mbali? Huo mji wote hauna wahasibu? Nafasi imekaa wazi muda gani, na aliyekuwepo yuko wapi sasa hivi?

Mimi niliitwa hivyohivyo. Cheo kizuri, gari la kazi, kila kitu. Nimefika nikakuta meza ina droo imejaa kadi za utambulisho za watu tofauti, wote cheo kilekile, na katibu muhtasi ananiangalia kwa huruma. Nilikuja kuelewa kwamba wenyeji walikuwa wanamjua bosi, ndiyo maana hakuna aliyekuwa anaomba.

#13 Siafu Mwekundu
Droo imejaa kadi 😂😂 Bundi umenimaliza. Na wewe yako uliiweka?

#14 Bundi wa Zamu
Niliiweka juu kabisa.

#15 Karani wa Ajira
Nipo kwenye ajira, hebu tusitishane. Mwajiri anatafuta mtu wa nje kwa sababu nyingi, na hiyo ya bosi mkorofi ni moja tu.

Kuna pale ambapo ndani kuna watu wawili wanaoutaka ukuu, kila mmoja ana kundi lake, na uongozi unaona ukimpa mmoja umempoteza mwingine. Wanaleta mgeni. Huyo mgeni anaanza kazi akiwa na maadui wawili ambao hajawakosea.

Kuna pale kampuni inataka kusafisha vitabu na haimwamini mtu aliyezoeana na wauzaji wa palepale. Kwa mhasibu hili linawezekana sana.

Na kuna sababu ya kawaida kabisa, kwamba wenye vyeti vya juu vya uhasibu huwa wanarundikana miji mikubwa, ya pembeni inabidi ilipe zaidi ili kuwavuta. Hapo 40% ni bei ya umbali, haina mtego.

Utajuaje ni ipi? Uliza wazi: "Aliyekuwepo aliondoka lini na alikwenda wapi?" Mwenye jibu safi anajibu kwa sentensi moja. Anayeanza kwa kusema "unajua kampuni yetu ni kama familia", wewe sikiliza kwa makini.

#16 Bundi wa Zamu
Mimi niliuliza na nikajibiwa kwa sentensi moja. "Alipata fursa nyingine." Kumbe fursa yenyewe ilikuwa kulala nyumbani kwake kwa amani. Karani, jibu kuwa fupi hakuna maana kwamba ni la kweli. Mtafute aliyeondoka mwenyewe, mpigie.

#17 Karani wa Ajira
Aliyeondoka naye ana kinyongo chake. Ukimsikiliza yeye tu hakuna kampuni utakayoingia.

#18 Daktari Nyota
Mnazungumzia hela na bosi mnasahau afya. Kitaalamu kuhama ni tukio la tatu kwa kumtesa binadamu, baada ya kufiwa na talaka. Watu wanaugua kabisa. Baki kwako ndugu.

#19 Kalamu Kavu
Daktari #18, hiyo ya nafasi ya tatu inazunguka sana mitandaoni, lakini kwenye orodha yenyewe haimo. Orodha maarufu ya matukio yanayoleta msongo ni ya Thomas Holmes na Richard Rahe, ya mwaka 1967, ina matukio 43. Kufiwa na mwenza kuna alama 100, talaka 73, wanandoa kutengana 65. Kuhama makazi kuna alama 20 tu.

Lakini usifurahi mapema mtoa mada. Kuhama hakuji peke yake. Kwenye orodha hiyohiyo, mwenza kuanza au kuacha kazi ni 26. Majukumu ya kazini kubadilika 29. Hali ya fedha kubadilika 38, na hapo wanahesabu hata kubadilika kwa uzuri. Mazingira ya maisha 25. Watoto kubadili shule 20. Jumlisha na ile 20 ya kuhama unapata 158. Wao walisema ukivuka 150 ndani ya mwaka, uwezekano wa kuugua unaanza kupanda.

#20 Daktari Nyota
Kwa hiyo nilichosema ni kilekile, umeongeza tu namba.

#21 Kalamu Kavu
🙄

#22 Siafu Mwekundu
Daktari udaktari wake ni wa nyota, Kalamu usishindane naye.

#23 Dada Mkubwa
Naomba niongee kwa upande wa anayefuata, maana humu wote mnaongea kama mwenye barua.

Nilikuwa mfamasia, nina wateja wangu wananijua kwa jina, nina shemeji zenu, yaani wafanyakazi wenzangu, tunacheka kutwa. Mume akapata kazi mbali, nikamfuata na watoto. Yeye siku ya kwanza alikuwa na ofisi, watu wa kumsalimia, ratiba. Mimi nilikuwa na maboksi. Simjui jirani, sijui fundi, sijui hospitali ipi ina daktari wa watoto. Jioni anarudi ana habari za kunipa, mimi habari yangu ni kwamba mwenye gesi hakuja. Nilipata kazi baadaye, cheo cha chini na mshahara wa chini kuliko nilioacha. Ndoa ipo, mume ni mtu mwema, simlaumu. Lakini kila tukiongelea hela ile hesabu huwa ipo mezani, hata asipoitaja mtu.

Mtoa mada, usimuulize mkeo "unaonaje nikiipata hii kazi". Muulize yeye atakuwa anafanya nini huko siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Kama wote wawili hamna jibu, bado hamjaamua.

#24 Mama Wawili
Asante Dada. Hii ingekuwa ndiyo #1.

#25 Njiwa wa Kaskazi
Aliyosema Dada #23 yana jina kwenye uchumi. Jacob Mincer aliandika mwaka 1978 kuhusu kaya kuhama. Anasema wapo wanaohama kwa kufungwa na mwenza, wanapoteza ili kaya ipate, na wapo wanaobaki kwa kufungwa vilevile, wanaacha kazi nzuri ili mwenza asipoteze. Kaya ambayo wote wawili wanafanya kazi inahama kwa shida zaidi. Kwa Mincer, kaya inahama pale faida ya mmoja inapozidi hasara ya mwingine.

#26 Dada Mkubwa
Huyo Mincer aliwahi kusema ile faida inayozidi analipwa nani? Maana kwetu iliingia kwenye akaunti ya mmoja.

#27 Kiti cha Mbele
Dada 🔥🔥

#28 Kobe Mwepesi
Mimi nasema ahame na sitafuni maneno. Angalieni watu waliofanikiwa, wengi wao hawakufia walipozaliwa. Anayebaki pamoja na mashaka yake anakuja kuzeeka nayo.

#29 Mzee wa Hesabu
Kobe, umewahesabu waliofanikiwa. Waliohama wakarudi kimyakimya usiku umewahesabu? Na huenda anayethubutu kuhama angefanikiwa hata angebaki, kwa sababu ni mtu wa kuthubutu. Kinachomsaidia ni roho yake, safari ni ya juu tu.

#30 Kalamu Kavu
Hapo Mzee umegusa penyewe. Ni vigumu kulinganisha wanaohama na wanaobaki maana ni watu tofauti tangu mwanzo. Ila kuna tukio moja ambapo volkano ndiyo iliyoamua nani ahame.

Usiku wa tarehe 23 Januari 1973, ardhi ilipasuka kwenye kisiwa cha Heimaey, kimojawapo cha visiwa vya Vestmannaeyjar huko Iceland. Watu zaidi ya 5,000 waliondolewa usiku uleule, wengi kwa boti za uvuvi zilizokuwa bandarini. Lava na majivu vikaharibu karibu theluthi ya nyumba. Zilizoangamia na zilizopona zilikuwa mji mmoja, watu wa aina moja. Lava haikuuliza nani ana roho ya kuthubutu. Waliobakiwa na nyumba wengi walirudi, waliopoteza nyumba wengi zaidi wakaanza maisha bara.

Miongo kadhaa baadaye wachumi Emi Nakamura, Jósef Sigurdsson na Jón Steinsson wakafuatilia mapato yao. Waliokuwa na umri chini ya miaka 25 wakati ule na wakahamishwa na lava walisoma miaka mingi zaidi na wakaja kupata kipato kikubwa zaidi kwa mbali. Na Heimaey hakikuwa kisiwa cha shida, uvuvi ulikuwa unalipa vizuri. Tatizo ni kwamba kilicholipa ni uvuvi tu. Mtoto mwenye kichwa cha sheria au kompyuta hapo kisiwani angekuwa mvuvi wa kawaida.

#31 Kobe Mwepesi
Nilisema mimi! Ahame.

#32 Kalamu Kavu
Sijamaliza Kobe. Wazazi wao, watu wa umri wa mtoa mada, hawakupata hiyo faida. Wao walipoteza kidogo.

#33 Siafu Mwekundu
Kwa hiyo watoto wahame, baba abaki 😂

#34 Mpita Hivi
Kwenye suala la watoto nina la kuongeza. Marekani kulikuwa na mpango ulioanza 1994, familia maskini kwenye miji 5 zilipewa vocha kwa bahati nasibu zihamie mitaa yenye hali bora. Raj Chetty na wenzake mwaka 2016 waliangalia matokeo: watoto waliohama kwa vocha hiyo wakiwa chini ya miaka 13 walikuja kupata kipato cha juu kwa takriban 31% walipofika miaka ya ishirini na kitu. Waliokuwa wamevuka 13 hawakunufaika, na dalili zilionyesha hata kupungua kidogo. Mtoa mada, mkubwa wako ana 12. Saa inagonga.

#35 Karani wa Ajira
Mpita, ngoja kwanza. Hao walihama mtaa, kwa kawaida ndani ya eneo lilelile la mji, na walikuwa wanatoka kwenye umaskini mkubwa. Mtoto wa mtoa mada anatoka kwenye nyumba ya wazazi wenye ajira wawili na anakwenda kwenye nyumba ya kupanga yenye mwenye ajira mmoja. Usichukue 31% ukambandika.

#36 Mpita Hivi
Sijambandika. Nimesema umri una maana. Wa miaka 5 atasahau kila kitu, wa 12 ana marafiki, ana timu, ana mwalimu anayemwamini. Nani amemuuliza huyu mtoto?

#37 Mama Wawili
Mtoto wa miaka 12 hapigi kura ya kuhama, ila anaambiwa mapema. Wa kwangu alisikia kwa dereva wa shule. Hakuzungumza na baba yake mpaka tulipofika.

#38 Mguu Njiani
Wakuu nimesoma zote, nawashukuru. Majibu kidogo.

Bundi, nimeuliza kuhusu aliyekuwepo. Wamesema kapandishwa cheo kwenda makao makuu. Nimemtafuta mwenyewe, ni kweli, na kasema timu ni nzuri ila wakati wa kufunga vitabu vya mwisho wa mwaka "ujiandae kulala ofisini".

Dada Mkubwa, nimeuliza swali la Jumanne saa nne. Mke alinyamaza, halafu akaniuliza na mimi: "Wewe ukibaki hapa, miaka mitano ijayo Jumanne saa nne utakuwa unafanya nini?" Sikuwa na jibu.

Na Mama Wawili, amesoma #4. Anakusalimia.

#39 Mama Wawili
Msalimie sana wifi yangu. Mwambie asisome ya Siafu.

#40 Bundi wa Zamu
"Kapandishwa makao makuu" ni habari njema, nafurahi kwako. Uliza tu kama alipanda kwa kazi yake au kwa kumkimbiza mbali na kitu.

#41 Karani wa Ajira
Bundi wewe huponi.

#42 Njiwa wa Kaskazi
Kuna njia ya kati hamjaitaja vizuri. Aende peke yake miezi 6 ya majaribio, familia ibaki mpaka mwaka wa shule uishe na ajira ithibitishwe. Mke haachi kazi, nyumba haipangishwi kwa pupa, na kama kazi ni mbovu anarudi na begi moja.

#43 Dereva Mstaafu
Njiwa, miezi 6 huwa haiishi. Nilikwenda "kwa muda" nikiwa na begi moja kama unavyosema. Kwanza kila mwisho wa wiki nilikuwa nyumbani. Halafu kila wa pili. Halafu mwisho wa mwezi. Siku moja nimerudi nataka taulo, naambiwa "taulo za wageni ziko kabati la juu". Hakukuwa na ubaya, mama alisema tu kwa mazoea. Nililala macho.

Watu wanazoea kutokuwepo kwako haraka kuliko unavyodhani, na wewe unazoea kutokuwa na wa kukuuliza unarudi saa ngapi. Kama ni kutangulia, muandike tarehe ya kuungana kabla hujapanda basi.

#44 Siafu Mwekundu
Hii ya taulo nimeisoma mara mbili. Leo sina utani.

#45 Njiwa wa Kaskazi
Mzee wangu pole. Ila wapo walioishi hivyo miaka na wakaungana salama, mimi ni mmojawapo. Kwetu ilisaidia kwamba mke naye alikuwa anakuja kwangu, si mimi peke yangu ninayesafiri. Alipokuja aliujua mji, akajitafutia kazi mwenyewe, siku ya kuhama alikuwa mwenyeji kuliko mimi.

#46 Karani wa Ajira
Mguu, nikuachie ya mkataba maana humo ndimo watu huumia. Barua ya ofa ndiyo wakati pekee ambao wewe una nguvu. Ukishasaini, umeisha.

Kwanza kile kifungu cha miaka 2. Omba kipungue kwa muda: ukitoka baada ya mwaka urudishe nusu, usirudishe zote. Omba pia kiandikwe kwamba wakikuachisha wao, hudaiwi kitu. Ulivyokieleza ni "nikiacha", lakini soma maneno yenyewe, vipo vifungu vilivyoandikwa "ajira ikikoma kwa sababu yoyote". Hilo neno "yoyote" linakugharimu.

La pili, majaribio. Kwa cheo cha mkuu wa kitengo anayehama na familia, kuomba miezi 3 si dharau. Wakikataa, waombe wakulipie makazi ya muda kwa miezi hiyo ili usikodi nyumba ya mwaka mzima kabla hujathibitishwa.

Na siku za jibu omba ziongezwe, uende ukauone mji kwa macho, na mkeo awepo. Mwajiri anayekukatalia siku chache kwa uamuzi wa kuhamisha familia amekupa taarifa bure.

#47 Mzee wa Hesabu
Karani umesema vizuri. Mhasibu aongeze na hili: akiwa huko aangalie muda wa kutoka anakoweza kupanga mpaka ofisini, saa ya asubuhi yenyewe, si Jumapili. Alois Stutzer na Bruno Frey walipochunguza Ujerumani walikuta wenye safari ndefu za kazini hawaridhiki na maisha kama wenye safari fupi, yaani ule unafuu wa pango au mshahara haukuwa unafidia. Watu huhesabu vyumba, hawahesabu foleni.

#48 Kobe Mwepesi
Mmemchosha jamaa. Arushe sarafu.

#49 Kalamu Kavu
Kobe unatania, lakini limefanyika. Steven Levitt, mchumi wa Marekani, alifungua tovuti watu walioshindwa kuamua warushe sarafu, ikarushwa zaidi ya mara 20,000. Kulikuwa na maswali ya kuacha kazi, kuhama, hata kuachana. Kwenye maamuzi makubwa, walioambiwa na sarafu wabadilike walikuwa na furaha zaidi baada ya miezi 6 kuliko walioambiwa wabaki kama walivyo.

#50 Mzee wa Hesabu
Hao ni watu walioingia wenyewe kwenye tovuti kurusha sarafu. Mtu akifika hatua hiyo moyo wake umeshahama, anatafuta shahidi.

#51 Kalamu Kavu
Na mtu anayefungua uzi kuuliza watu asiowajua je?

#52 Mguu Njiani
😂 Nimerusha jana usiku. Imeingia chini ya kabati la nguo, na lile kabati ndilo tuliloapa halihami tena.

Wameniongezea wiki moja. Ijumaa tunakwenda kuuona mji, mimi na mama watoto, na mkubwa kasema anakuja. Kifungu wamekubali kukipunguza kwa muda, hiyo ya wao wakiniachisha bado wanaiangalia.

#53 Bundi wa Zamu
"Bado wanaiangalia" 👀

#54 Mpita Hivi
Nje ya mada kidogo: mkihama kweli, kabati likatazeni, ila friji msilaze kwenye gari. La kwetu lililazwa, tukawasha palepale tulipofika, likafa.

#55 Fundi Baridi
Friji linasafiri likiwa limesimama. Likilazwa, mafuta ya kompresa yanatoka kwenye nyumba yake yanaingia kwenye mabomba ya gesi. Kama hamkuwa na jinsi mkalilaza, mkifika lisimamisheni na liacheni bila umeme saa kadhaa, likilala muda mrefu bora lingoje mpaka kesho yake. Na mlango uliofungwa kwa kamba wakati wa safari usisahauliwe kufunguliwa, friji linanuka.

#56 Mama Wawili
Fundi, na mashine ya kufua?

#57 Fundi Baridi
Ile ya mlango wa mbele ilikuja na bolti za usafirishaji nyuma, zinazoshika pipa lisichezecheze. Zirudishie kabla hamjaipakia.

#58 Mama Wawili
Zile nilizitupa siku ileile ilipofika.

#59 Fundi Baridi
Kila mtu huzitupa. Nitumie jina la mashine na namba ya modeli, zipo zinazouzwa peke yake.